Kununua nyumba na rafiki Nairobi: jina moja, majina mawili, kampuni, au kila mtu na hati yake

Mama ya rafiki yangu aliuliza swali la maana kabla wakili hajaliuliza. Mimi na binti yake tulikuwa tumepanga pamoja South B miaka sita, na mwaka 2021 nyumba ya vyumba viwili katika ghorofa tunayoijua ikatangazwa kuuzwa. Tukaenda kumpa habari. Alitusikiliza hadi tukamaliza, akatumiminia chai, ndipo akasema, "Haya wanangu. Na mmoja wenu akiolewa, huyo mume atahamia kwa nani?" Tukacheka. Yeye hakucheka.

Watu wakijua nilinunua nyumba na rafiki huniuliza kama ni jambo zuri au baya. Mimi huwauliza wameandikaje. Ziko njia kama nne za kufanya jambo hili hapa Nairobi, na siku ya kupokea funguo zote hufanana: picha, keki, maombi ya kubariki nyumba. Huja kutofautiana siku mmoja anapotoka. Kwa hiyo nitazilinganisha kuanzia mlango wa kutokea.

Njia ambayo marafiki hawana

Wengi huenda kwa wakili wakitaka "majina yetu mawili, na mmoja akifa nyumba ibaki kwa mwenzake". Umiliki wa namna hiyo upo. Hakuna mwenye fungu lake, wote wana yote, na anayebaki hai hubaki nayo bila kupitia kesi ya mirathi. Lakini kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kimewaachia wanandoa. Watu wawili wasio mume na mke wakiuandika bila ruhusa ya mahakama, sheria huusoma kuwa umiliki wa mafungu: kila mmoja ana sehemu yake katika nyumba nzima, na akifa sehemu hiyo huenda kwa warithi wake. Hati isiposema nani ana kiasi gani, mafungu huhesabiwa kuwa sawa.

Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba wewe na shoga yako mtarithiana kwa sababu tu majina yenu yote yamo kwenye hati, mwombe akusomee kifungu hicho kwa sauti.

Jina moja, na kuaminiana

Hii ndiyo ninayoiona mara nyingi, na ndiyo ningekukataza. Siku ya kwanza sababu zake husikika vizuri. Mmoja ana deni la HELB, mkopo wa serikali wa masomo ya juu, lililomfikisha CRB, kwenye orodha ya wasiolipa madeni, benki haimtaki. Au yuko Doha kikazi na hawezi kuja kutia sahihi. Au mkopo wa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, umetoka kwa jina la mmoja, basi na hati ikaandikwa hilo hilo. Mwingine anatuma mchango wake kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi na kujiona mwenye nyumba.

Ikifika siku ya kutoka, hati miliki ni ushahidi mbele ya mahakama kwamba aliyeandikwa ndiye mwenye mali. Wewe usiyeandikwa ndiye utakayethibitisha kwamba pesa ulizotuma zilikuwa za kununua nyumba, hazikuwa kodi, wala mkopo, wala zawadi. Mkataba wa kuuziana ardhi Kenya unatakiwa uwe wa maandishi, wenye sahihi za pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi. Mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kukusaidia kuonyesha kwamba mwenzako alikushikia mali kwa amana, lakini hapo tayari uko kortini, na kesi ya ardhi pale Milimani utaizoea kama unavyozoea foleni ya Mombasa Road. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ni jina lako tu halimo.

Na hata mwenzako awe mwaminifu kiasi gani, wapo watu wanaomzunguka. Akifa, nyumba yote inaingia kwenye mirathi yake, nawe utajieleza kwa ndugu zake ambao pengine mlionana mara moja tu, kwenye mazishi hayo hayo. Akizidiwa na madeni, wadai wake wanaiona nyumba nzima kuwa yake. Akioa na kuishi humo na mkewe, inaweza kuhesabiwa kuwa makazi ya ndoa, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu makazi hayo kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke. Yaani mtakuwa mkiomba ruhusa ya mtu ambaye hakuwepo mlipokuwa mkichanga.

Kama umeshaingia humu, usianze kwa ugomvi. Mwombe mwenzako mwende kwa wakili mkaandike kwamba anakushikia fungu fulani kwa amana, halafu weka zuio kwenye sajili ya ardhi ukitaja haki hiyo. Zuio halikufanyi mmiliki, ila nyumba haiwezi kuhamishiwa mtu mwingine kimyakimya. Mwenzako akikataa kutia sahihi karatasi ya kukiri jambo mnalolijua wote wawili, basi umepata jibu mapema.

Majina mawili, kila mmoja na fungu lake

Hii ndiyo tuliyoichagua, na kwa watu wanaonunua nyumba ya kuishi ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza. Majina yote yako kwenye hati, na kila jina na fungu lake. Kama ni nyumba ya ghorofani, hakikisheni kwanza kwamba ina hati yake yenyewe. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu nyumba za aina hii inataka kila nyumba iwe na hati, na wenye nyumba wawe na shirika lao la kusimamia ngazi, lifti, tangi la maji na kila kinachotumiwa na wote. Wakili atafanya upekuzi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa kumbukumbu za ardhi mtandaoni, kabla hamjalipa hata shilingi. Huko sitakaa sana, maana wakili yeyote mzuri analijua. Marafiki hukosana kwenye fungu.

Hesabu zetu zilikuwa hivi. Bei ilikuwa shilingi 7,200,000. Akiba yangu niliyotoa ilikuwa 1,500,000, yake 900,000. Benki ikatukopesha 4,800,000 za miaka 10 kwa riba ya 13%, kama shilingi 71,700 kwa mwezi, tukagawana nusu kwa nusu. Juu ya hapo kulikuwa na ushuru wa stempu, ambao mjini ni 4%, yaani 288,000, na ada za wakili na mthamini. Tulizigawana sawa.

Sasa nani ana kiasi gani? Mwenzangu alisema nusu kwa nusu, kwa kuwa mkopo tunalipa sawa. Kaka yangu, ambaye hakuombwa maoni, alisema tufuate pesa taslimu, yaani 62.5% kwa 37.5%. Wakili akapendekeza tujumlishe kila mtu akiba yake na nusu ya mkopo: mimi 3,900,000, yeye 3,300,000, ambayo ni kama 54% kwa 46%. Ipo pia njia ya nne, kila mtu kurudishiwa akiba yake kwanza siku ya kuuza, kisha kinachobaki kugawanywa sawa.

Tofauti huonekana ndogo hadi uziweke kwenye siku ya kutoka. Miaka minne baadaye nyumba ilithaminiwa 8,400,000 na deni lilikuwa limebaki kama 3,600,000. Zilizobaki ni 4,800,000. Kwa nusu kwa nusu mwenzangu angepata 2,400,000. Kwa hesabu ya kaka yangu, 1,800,000. Kwa ile ya wakili, 2,208,000. Kwa kurudishiwa akiba kwanza, 2,100,000. Ni nyumba ile ile na watu wale wale, ila kati ya jibu la juu na la chini kuna shilingi 600,000. Jaribu kuanza mjadala huo siku ambayo mmoja tayari amefunga masanduku.

Tulichukua 54 kwa 46. Ningeichukua tena, kwa sababu inahesabu mzigo wote aliobeba kila mtu, pamoja na ule ambao bado hajaulipa. Udhaifu wake ni kwamba mmoja akiacha kulipa njiani, fungu kwenye hati halibadiliki lenyewe. Mkataba wenu wa pembeni ndio utakaosema pesa alizomlipia mwenzake zinahesabiwaje. Wetu ulisema ni deni lisilo na riba kwa miezi sita, kisha lina riba sawa na ya benki.

Kuuza fungu kwa mtu wa nje nako kuna mlango na kufuli. Sheria inasema mmiliki wa fungu hawezi kumpa mtu mwingine fungu hilo bila ridhaa ya maandishi ya mwenzake, na papo hapo inasema ridhaa hiyo isinyimwe bila sababu ya maana. Kwa maneno ya nyumbani: hawezi kukuletea mgeni usiku, nawe huwezi kumfungia ndani maisha yake yote. Mkishindwa kabisa, mmoja anaweza kwenda mahakamani kuomba mali igawanywe au iuzwe. Nyumba ya ghorofani haigawanyiki, huwezi kukata sebule kwa msumeno, kwa hiyo njia hiyo huishia kuuza. Ndiyo maana mkataba wenu useme mapema: anayetoka amuuzie kwanza mwenzake, kwa bei ya mthamini gani, ndani ya siku ngapi, na kwa awamu ngapi.

Kifo nacho. Fungu la aliyefariki huenda kwenye mirathi yake. Asiyekuwa na mwenzi wala mtoto wala wosia, linaelekea kwa wazazi. Msimamizi hupewa barua na mahakama, na kuithibitisha barua hiyo kwa kawaida husubiri miezi sita, na hapo bado hujahesabu foleni ya korti. Muda wote huo mkopo unadai kila mwezi. Tuliandika wosia wawili siku ile ile ya mkataba, kila mmoja akimpa mwenzake haki ya kulinunua fungu kutoka kwa warithi. Tulimwambia na mama yake. Hakufurahi, lakini alijua.

Mkopo mmoja wa benki au mikopo miwili ya Sacco

Hapa watu huangalia riba tu. Mimi ningeangalia nani atapigiwa simu.

Mkikopa benki pamoja, kila mmoja anadaiwa deni lote. Nusu yako anaijua rafiki yako, benki haiijui. Akipoteza kazi, shilingi 35,850 zako zinakuwa 71,700. Mkikwama, sheria ya ardhi inataka ilani ya miezi isiyopungua mitatu, kisha ilani nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza. Ukihesabu kuanzia siku ya ilani ya kwanza ni muda wa kutafuta mnunuzi wenyewe, lakini si muda wa kuanza kugombana. Ulizeni pia kama bima ya maisha inayoambatana na mkopo inawafunika nyote wawili, na kwa kiasi gani cha deni. Tulidhani inatufunika wote. Iliandikwa jina la mmoja. Tuligundua mwezi wa tatu, tukalipia marekebisho.

Kwa Sacco kila mtu anakopa kivyake, na nyingi hutoa hadi mara tatu ya akiba yako. Nyumba haiwekwi rehani, kwa hiyo rafiki yako akishindwa hakuna dalali atakayekuja mlangoni kwenu. Watakaoumia ni wadhamini wake, ambao akiba zao zimeshikwa. Muda wa kulipa huwa mfupi kuliko wa benki, makato yanakuwa mazito, na sheria ya ajira hairuhusu makato yapite theluthi mbili za mshahara. Kwa nyumba ya milioni saba, watu wa mishahara ya kawaida hawafiki. Kwa ploti, wanafika.

Upande mmoja wa benki watu huusahau: mwenye kuishi katika nyumba aliyoikopea anaweza kupunguziwa kodi ya mapato kwa ajili ya riba, na tangu mwisho wa 2024 kiwango cha juu cha riba inayohesabiwa ni shilingi 360,000 kwa mwaka.

Kampuni

Nitakuwa mfupi. Mnasajili kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nyumba inakuwa ya kampuni, ninyi mna hisa. Siku ya kutoka ni nyepesi: anayetoka anauza hisa, na ushuru wa stempu wa kuhamisha hisa kwa kawaida ni 1% badala ya 4%. Mtu akifa, warithi wanarithi hisa na nyumba haitikisiki.

Lakini kampuni hailali kitandani. Mkiishi humo wenyewe mnapoteza ile nafuu ya riba. Mnapoteza pia msamaha wa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni 15%. Anayesamehewa ni mtu binafsi aliyeishi nyumbani kwake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza. Kila mwaka kuna taarifa za kupeleka kwa msajili, na mkizembea kuna faini. Kwa hiyo kampuni naiona ya marafiki wanaonunua nyumba ya kupangisha, tuseme Syokimau au Kilimani, hasa wakiwa watatu au zaidi.

Kitu kimoja kwa walio na rafiki kutoka Kampala au Arusha anayefanya kazi Nairobi: Katiba, kifungu cha 65, inampa asiye raia ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Hisa moja ya mgeni inaibadilisha kampuni nzima. Kwa nyumba ya ghorofani ambayo tayari ni ya miaka 99 huenda isiwasumbue. Kwa ardhi ya umiliki wa kudumu itawasumbua.

Ploti moja, hati mbili

Njia hii haivutii kwenye picha, na pengine ndiyo salama kuliko zote. Mnanunua pamoja ploti ya futi mia kwa mia upande wa Kamulu, Juja au Kitengela, kisha mnaigawa mara moja kuwa mbili za hamsini kwa mia. Kila mtu anapata hati yake na anajenga akiwa tayari. Mnabaki majirani. Kilichowaunganisha ni bei nafuu ya kununua kipande kikubwa, na kinaisha siku mpima ardhi anapopigilia vigingi.

Gharama zake ni mpima, kibali cha kaunti cha kugawa, ada za kusajili hati mpya, na subira. Na kama ardhi bado imeandikwa kuwa ya kilimo, ombi la idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, kwa sababu bila idhini hiyo mauzo ni batili. Kugawa kwenyewe pia kunahitaji idhini. Ulizeni pia kaunti inakubali ploti ndogo kiasi gani kabla ya kulipa, msije mkabaki na kipande kikubwa kisichogawika.

Mtakosa nyumba ya kuingia kesho, na mtakuwa mkiamka saa kumi usiku kuwahi mjini. Mimi na mwenzangu hatukutaka hilo. Ningekuwa nanunua na mtu niliyemjua mwaka mmoja tu, ningelitaka.

Sisi tulitokaje

Aliolewa mwaka wa nne. Mume hakuhamia kwa mtu. Walipata nyumba Kahawa Sukari. Mkataba wetu ulinipa siku 90 za kusema kama nanunua, nikasema ndiyo wiki ya pili. Mthamini akatoa 8,400,000, fungu lake likawa 2,208,000 baada ya deni, na tukakubaliana nilipe kwa miezi 12. Ushuru wa stempu wa kuhamisha 46% yake ulikuwa 154,560, nikalipa mimi. Yeye alikuwa ameishi humo zaidi ya miaka mitatu mfululizo, kodi ya faida haikumgusa.

Kilichochelewesha ni benki. Kumwondoa mmoja kwenye mkopo ni kuomba mkopo upya: walikagua mshahara wangu peke yangu na kutaka bima mpya. Miezi mitano ilipita yeye akiwa bado anadaiwa nyumba asiyokaa. Alinivumilia. Kama mnaandika mkataba leo, wekeni muda wa jambo hilo na mseme nani analipa awamu wakati wa kusubiri.

Tulikosana jambo moja tu, na mkataba ulikuwa kimya. Mwaka wa pili nilikuwa nimeweka kabati mpya za jikoni kwa pesa zangu, 180,000. Nikasema zirudishwe kwangu kabla ya kugawa. Akasema mthamini ameshazihesabu ndani ya thamani, na kwamba yeye ndiye aliyepika humo miaka yote, jambo ambalo ni kweli. Tulinuniana wiki nzima. Mwishowe mama yake akapiga simu, akatuuliza kabati hizo zina umri gani, akanyamaza kidogo, kisha akasema hataki kusikia habari za mbao tena. Mwenzangu alichukua friji. Mimi nikabaki na kabati.